Muti wa mulupangu: desturi ya watu wa Lubumbashi inayofaa kuchungwa

1. Mila iko hata mu mji

Kila mara tunaposema juu ya mila, watu wanafikiri kijiji. Wanafikiri ngoma, mahari, kiti cha mufalme, hadithi za nkambo kando ya moto. Wanasema mji hauna mila, mji uko na lami, manjanja na simiti tu. Sisi tuliozaliwa Lubumbashi, tukakulia hapa, na sasa tunafundisha watoto wa hapa, hatukubali ile maneno. Mji wetu ulianza mwaka wa 1910. Watu wanaoishi pahali pamoja zaidi ya miaka mia moja hawawezi kukosa kujitengenezea desturi zao. Katika maandiko haya tunataka kusema juu ya desturi moja ambayo haikuandikwa katika kitabu cha sheria, lakini kila jamaa inaijua: ukipata lupangu, unapanda muti.

Tutaangalia kwanza miti ya mji ilitoka wapi, halafu inatusaidia nini, kisha kwa nini inakatwa, na kwa mwisho namna ya kuichunga. Wasomaji watatusamehe kama tunapanga maneno kama somo. Ndiyo kazi yetu.

2. Miti ilitoka wapi

Mbele ya mji, hapa palikuwa pori la miombo. Majina ya miti yake tungali tunayasikia kwa wazee: mutondo, muputu, mulombwa, mubanga, mupundu, musuku. Wakati watu walipofungua shamba, mara nyingi walikata mingine na kuacha ile ya matunda, kama vile mupundu na musuku, kusudi watoto wasikose kitu cha kuokota. Kwa Walunda kuko muti unaoitwa muyombo. Unapandwa kwa kukumbuka wakubwa waliokufa, na watu wanaenda pale kuwaita kwa majina yao. Kwa hiyo, wababu zetu hawakuona muti kama kuni tu. Muti ulikuwa shahidi.

Wabelgiji walipochora mji, walipanga barabara zilizonyooka, na pembeni yake wakapanda miti ya mbali. Jacaranda ilitoka Amerika ya Kusini. Mpaka leo, katika mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvua ya kwanza, inafunika avenyu zetu kwa maua ya zambarau. Flamboyanti, ile ya maua mekundu, ilitoka Madagaska. Mikalitusi ilitoka Australia. Hata muembe wenyewe ni mugeni, asili yake ni Asia, na avoka asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Tunawaambia wanafunzi: angalieni, muti unaoita wa nkambo yako ulifika na safari, kama nkambo mwenyewe.

Maana mahali pa kazi, katika makambi ya wafanyakazi, na kule Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, watu walikuwa wametoka Kasai, Luapula, Tanganyika, Lualaba na hata ngambo ya mupaka. Kaburi za wakubwa wao zilibaki mbali. Basi walifanya nini? Walikula embe, wakafukia kokwa yake. Walikula avoka, wakafukia mbegu. Na mutoto alipozaliwa, katika jamaa yetu na kwa majirani wengi tuliowajua, kitovu chake kilifukiwa chini ya ule muti. Tangu siku ile udongo wa mugeni uligeuka udongo wa kwetu. Mama mumoja wa avenyu yetu alikuwa akisema: "Miye siko mugeni hapa. Kitovu ya batoto yangu iko chini ya ule muembe."

Haya maneno yako na uzito. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga, wengi wao kutoka Likasi na Kolwezi. Walibeba masanduku, magodoro na masufuria mpaka ku gare. Muti haubebwi. Wengine walizaliwa pale na kitovu chao kilibaki pale, chini ya kivuli cha mutu mwengine. Kwa hiyo mutu akisema muti wa mulupangu ni kitu kidogo, tunamuomba afikiri tena.

3. Miti inatusaidia nini

Tuanze na kivuli, maana hicho kinaonekana na wote. Muti unazuia jua lisipige ukuta na manjanja, tena majani yake yanatoa mvuke wa maji unaopoza hewa. Mutu anayekaa katika nyumba ya manjanja bila dari anajua mwezi wa 10 ni kitu gani. Saa nane ya muchana hakuna anayebaki ndani. Jamaa yote inahamia chini ya muti: mama anachagua mboga, watoto wanafanya devuari, baba anasikiliza redio. Muti ni chumba cha saluni ambacho hakuna aliyelipia simiti.

Cha pili ni vumbi. Kwetu mvua inakamatika karibu na mwezi wa 4, na tunangojea mpaka mwezi wa 10 au wa 11. Ile miezi yote ya kipwa, upepo unatembeza udongo mwekundu. Tena vumbi la mji wa shaba si vumbi la bure, linaweza kuwa na shaba, kobalti na risasi ndani yake. Majani ya miti yanakamata sehemu ya lile vumbi mbele haijaingia katika mapafu ya watoto. Ndiyo sababu pia tunaosha matunda vizuri mbele ya kuyala.

Cha tatu ni maji ya mvua. Katika kartie ambazo hazina mitaro, mvua moja ya mwezi wa 1 inaweza kuchimba avenyu na kuigeuza kijito. Majani yanapunguza nguvu ya matone, mizizi inashika udongo, na maji yanapata nafasi ya kuingia chini polepole. Kule ambako miti ilitolewa yote, korongo linakuja mpaka mulangoni.

Cha ine ni chakula. Embe za mwezi wa 12 zimelisha watoto wengi katika miaka ambayo mishahara haikuonekana. Sisi walimu tunajua tunachosema. Mama aliye na muti mumoja wa avoka anaweza kuuza beseni moja, akanunua daftari na sabuni.

Na cha tano, ambacho wageni hawakioni: kilio. Mutu akikufa, watu wanakuja kulala pa nyumba ya kilio. Wanaume wanakaa inje na moto wao, siku mbili, tatu. Kama kuko muti mukubwa, kivuli kiko, pahali pa kukaa pako, wazee wanapata pembe ya kusemea maneno ya jamaa. Kama hakuna muti, wanakodisha hema na kulipa falanga ambazo mujane hana. Ndoa vilevile: majadiliano ya mahari tuliyoyaona sisi, karibu yote yalifanyika chini ya muti. Wazee walisema maneno magumu hayasemwi chini ya dari, maana dari inarudisha sauti na watu wanapandisha hasira. Chini ya muti sauti inaenda.

4. Mji bila miti tuliisha kuuona

Kama mutu anataka kujua mji bila miti unafanana namna gani, asiende mbali. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kilianza kazi mwaka wa 1911. Moshi wa shemine ulikuwa na salfa, pamoja na vumbi la shaba, zinki, risasi, kobalti na kadmiamu. Kwetu upepo mukubwa unatoka kusini-mashariki, basi kwa miaka mingi ulisukuma ule moshi upande wa kaskazini-magharibi. Kule miombo ilikufa. Udongo ukabaki uchi, mvua ikauchukua, na hata leo kuko pahali ambapo hapaoti kitu isipokuwa majani machache yanayovumilia shaba.

Wana-agronomia wa Université de Lubumbashi walifanya majaribio katika kartie ya Penga Penga. Walitia chokaa na mboleo katika udongo, kisha wakapanda majani na miti. Chokaa inapunguza ukali wa udongo na kuifunga shaba isiingie sana katika mizizi. Mboleo inarudisha uzima. Fundisho lake kwetu ni hili: kukata ni kazi ya saa moja, kuua udongo ni kazi ya miaka, na kuuponyesha ni kazi ya watoto wa watoto. Kupanda peke yake hakutoshi, lazima kuuguza pahali unapopanda.

5. Kwa nini tunaikata

Sababu ya kwanza ni udongo wenyewe kupanda bei. Leo Lubumbashi iko na watu zaidi ya milioni mbili. Baba anakufa, lupangu inakatwa mara tatu kwa watoto. Kila mumoja anajenga vyumba viwili vya kupangisha, na muti unaonekana kama mupangaji asiyelipa. Hatuwalaumu watu wote. Tumbo linauliza kila siku, muti hauulizi.

Sababu ya pili ni makala. Umeme ukikosekana, mbabula inafanya kazi katika nyumba zote, hata za wakubwa. Barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi zinaleta magunia usiku na muchana, juu ya baiskeli na juu ya malori, na pori linazidi kukimbia mbali. Gunia likipanda bei, watu wanaangalia muti wa mulupangu kwa jicho lingine.

Sababu ya tatu tunaisema polepole, maana inagusa imani: ni woga wa ulozi. Wasomaji wa mji huu wanaijua. Mutoto anagonjwa, mutu anaota vibaya, kundi la maombi linaitwa, na jibu linatoka: walozi wanakutana usiku mu muti. Siku inayofuata shoka linasikika.

Ile maneno ilifika katika jamaa yetu, miaka michache iliyopita. Mulupangu ya marehemu baba yetu kuko muti wa avoka ambao yeye mwenyewe aliupanda. Chini yake palikuwa kiti cha shangazi yetu, mujane, aliyezidi miaka sabini. Alikaa pale tangu asubui mpaka jua kuzama, akichambua karanga na kufukuza kuku. Mutoto wa dada yetu, mwenye miaka saba, alianza kulia usiku juu ya maumivu ya mifupa. Ilikuwa mwezi wa 6 na wa 7. Usiku uleule kitu kilikuwa kikikwaruza juu ya manjanja, na bundi alisikika. Wakaja watu wa maombi. Walisema muti ukatwe. Hawakutaja jina la mutu, lakini wakati wa kutoka wote waliangalia kile kiti.

Jamaa ilikaa. Kaka yetu mukubwa alisema: "Muti ni muti. Tukate, mutoto apone, maneno iishe." Tulimujibu, kwa heshima kama inavyofaa kwa mukubwa: "Yaya, tukikata muti, kesho watauliza nani alikuwa akikaa chini yake." Shangazi alisikia yote. Alisema maneno machache tu: "Uyu muti mi ndiye nilikuwa namupa mayi wakati baba yenu alikuwa ku kazi. Kama iko na balozi, basi mulozi ni miye. Museme wazi."

Hakuna aliyesema wazi. Tuliomba kitu kimoja: mutoto apelekwe kwanza ku lopitali, damu yake ipimwe, kisha jamaa ikae tena. Munganga alipata jibu. Mutoto ni SS, ule ugonjwa wa chembe za damu ambao mutoto anaupata kwa wazazi wote wawili bila wao kujua, na ambao baridi inauamsha. Mwezi wa 6 na wa 7 ndiyo miezi yetu ya baridi. Tena ndiyo miezi ambayo upepo wa kipwa unasukuma matawi juu ya manjanja. Na bundi alifuata panya waliokuja kula matunda yaliyoanguka. Mambo matatu yaliyofuatana katika majira moja yalifanywa neno moja.

Tulikata tawi lililogusa nyumba, mutoto alipewa dawa, shweta, blangeti na maji mengi ya kunywa, kama munganga alivyoagiza. Anaendelea na masomo, ingawa siku mbaya zinarudi. Muti uko. Lakini shangazi hakurudi kukaa chini yake. Alikusanya vitu vyake, akaenda kwa mwana wake Likasi, na amekufia kule.

Kwa sababu hii tunasema: mara nyingi shoka linalotafuta muti linatafuta muzee. Muti unashitakiwa mahali pa mutu ambaye watu wanaona haya kumutaja. Mila ya kweli ya wababu zetu ilijua kuogopa ulozi, hatutaidanganya. Lakini ilijua pia kukalisha watu chini ya muti, kuuliza, kusikiliza pande zote mbili, mbele ya kukata kitu. Tulichukua woga, tukaacha baraza.

6. Namna ya kuchunga muti

Kila tarehe 5 ya mwezi wa 12 ni siku ya muti katika inchi yetu. Ni majira mazuri, maana mvua imeisha kukaa. Tumeona sherehe nyingi: hotuba, foto, miche katika mashimo. Ukipita mwezi wa 9 unaona vijiti vikavu. Kwetu ku masomo tunafanya hivi sasa: kila muche unapewa wanafunzi wawili wa mwaka wa saba, na jina lao linaandikwa katika daftari ya darasa. Wakipanda mwaka wa nane, wanakabizi wadogo. Muti usio na mwenyewe haupiti kipwa.

Haya ndiyo tunayowafundisha.

Kuchagua pahali. Muembe na avoka vinakuwa vinene. Uviache mita 6 au zaidi mbali na nyumba, mbali na shimo la choo na ukuta, wala usipande chini ya waya za umeme. Kama lupangu ni ndogo, panda mulimau au mupera. Mikalitusi isipandwe karibu na kisima, inakunywa maji mengi.

Kuchagua muche. Muembe uliotoka katika kokwa unaweza kungojewa miaka mitano, sita au zaidi mbele ya kuzaa. Ule wa grefe unaweza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa ine. Miti ya pori letu inaomba akili nyingine. Musuku na muputu vinaishi pamoja na uyoga mudogo katika mizizi yao. Ukipanda, lete udongo kidogo kutoka chini ya muti mama, bila hivyo muche unadumaa. Mulombwa unaonekana kufa kila kipwa katika miaka yake ya kwanza: kijiti kinakauka, lakini muzizi unazidi kukomaa chini. Usiungoe.

Kupanda. Chimba shimo la sentimeta 60, tenga udongo wa juu, uchanganye na mboleo iliyooza vizuri, urudishe. Weka majani makavu kuzunguka muche, lakini yasiguse shina. Zungusha miiba au matofali, maana mbuzi wa Katuba hana mupaka.

Kumwangilia. Miaka miwili ya kwanza, wakati wa kipwa, ndoo moja mara mbili kwa juma inatosha. Maji yaliyosuuza mboga yanafaa. Chupa ya plastiki iliyotobolewa na kufukiwa kando ya mizizi inatoa maji polepole.

Kukata matawi. Fanya kazi hii mu kipwa, na msumeno mukali, karibu na shina lakini bila kujeruhi ule uvimbe ambako tawi linaanzia, maana pale ndipo kidonda kinafungika. Usikate kichwa chote cha muti. Matawi yanayoota nyuma yake yanashikamana vibaya, na upepo wa mvua unayaangusha juu ya watu.

Kuacha mambo mabaya. Usichome takataka chini ya muti. Usipigilie misumari ya matangazo. Usimwage simiti mpaka ku shina, mizizi inahitaji hewa na maji. Watoto wanaotupa majiwe kwa kutafuta embe, uwape mufito mrefu. Ni kweli muti wa matunda ndio unaotupwa majiwe, lakini hakuna sheria inayosema lazima iwe hivyo.

7. Kwa kumaliza

Sheria ya misitu, namba 011/2002 ya tarehe 29 ya mwezi wa 8 mwaka wa 2002, inataja misitu ya miji kati ya misitu inayolindwa na Serikali. Ni vizuri. Lakini hakuna askari wa misitu atakayeingia mulupangu ya mutu. Pale ndani sheria ni jamaa.

Tunaomba basi jamaa za mji huu zikubali mambo matatu kama desturi. La kwanza, muti wa mulupangu usikatwe bila jamaa kukaa, na wazee wasemeshwe wa kwanza, si wa mwisho. La pili, anayekata mumoja apande miwili, mbele ya kisiki kukauka. La tatu, wakati wa kugawa uriti, muti uandikwe pamoja na nyumba: ulipandwa na nani, mwaka gani, kitovu cha nani kiko chini yake. Karatasi moja inatosha. Wanafunzi wetu wameanza kuziandika pa nyumba zao, na wengi wamerudi wakituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza nkambo wao alitoka wapi.